Figa la Tatu

Ilikuwa miaka ya ruksa, sukari imerudi dukani na mtu anachagua rangi ya sabuni, shangazi yangu alipotaka kupelekwa kwa baba yake. Baba yake ndiye babu yangu, na alikuwa marehemu tangu kabla reli ya Mjerumani haijafika Dodoma. Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Babu alikuwa mpagazi. Alitoka kwetu Msalato na msafara wa pembe kwenda Pwani, akamwacha bibi na watoto wawili wa kiume na mimba. Wenzake waliporudi walisema kiu imemuua kwenye nyika ya Marenga Mkali, wamemzika kwa mikono yao na bangili yake ya shaba mkononi, na juu yake wamerundika mawe. Kila msafara uliopita uliongeza jiwe, rundo likawa kama kichuguu. Baadaye sana Waingereza wakasimamisha pembeni nguzo ya saruji, ina mshale na maandishi ya kusema njia ya misafara ilipita hapa.

Bibi alikataa kurithiwa na shemeji zake, na wanaume wengine akawakataa. Alisema mume wake ana mahali pake. Kila ugali wa mtama mpya, tonge la kwanza aliliweka chini, la mumewe. Alipokaribia kufa aligawa mafiga yake, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, kila mtoto moja, wampelekee baba yao ajue moto wa nyumbani haukuzimika. Baba yangu alipeleka lake kwa miguu. Baba mkubwa naye. Shangazi, ambaye ndiye ile mimba, aliambiwa mwanamke hatembei nyika ile, asubiri. Akasubiri mpaka akazeeka, figa liko chini ya kitanda, na tonge la kwanza analiweka chini kama mama yake.

Basi nikamwomba mfanyabiashara mmoja wa Kondoa aliyekuwa akipeleka mitumba minadani kwa pikapu. Mtu mzuri. Hakosi swala hata moja, na gari lake halikuwa na breki, nadhani mambo hayo mawili yalikuwa yanahusiana. Shangazi alikaa mbele, figa mapajani, kalifunga kwa khanga mpya. Mimi nyuma juu ya marobota, lakini nawasikia.

"Baba," shangazi akamwambia dereva, "nikifika nianze kusema nini? Hanijui."

"Mwamkie tu, mama. Mengine yatakuja."

"Shikamoo?"

"Shikamoo inatosha."

Tulipofika, rundo halikuwepo.

Palikuwa na shimo. Mawe yametupwa huku na huku, nguzo imelazwa ubavu, na kutoka ardhini udongo ulikuwa unaruka kama kuna mnyama. Nikachungulia, nikaona wanaume watatu, mmoja kavaa koti zito la sufi la mitumba, kwenye jua lile la kiangazi!

"Mnafanya nini humo?"

"Shikamoo mzee," akasema mwenye koti. "Kama umekuja na ramani, karibu. Kama umekuja kugawana, hakuna kitu."

"Ramani ya nini?"

"Mali ya Mjerumani. Huoni mshale?"

Ndivyo tulivyokuwa siku zile. Pakiwa na alama yoyote ya zamani, watu wanaota rupia na zebaki chini yake. Kuna waliofukua hadi choo cha boma la zamani, wakapata kilichokuwemo.

Nikapiga kelele kwamba hilo ni kaburi la babu yangu, watalala polisi. Dereva akaikamata sururu yao. Wale wengine wawili wakatoka shimoni. Wakati huo shangazi alikuwa ameshashuka, akapita katikati yetu mpaka ukingoni.

"Shikamoo bibi." Mwenye koti alivua koti.

"Marahaba. Mmechimba mpaka wapi?"

"Mpaka mwamba, bibi. Sururu inadunda."

"Na mifupa?"

"Mifupa gani?"

"Ya mtu, mwanangu. Mmeiweka wapi?"

Wakatazamana. "Haki ya Mungu, bibi, hakuna mfupa. Hata wa kuku. Na ardhi yenyewe haijaguswa tangu iumbwe. Sisi ndio tumepata hasara."

"Labda fisi, mama," dereva akasema taratibu.

"Fisi anakula shaba?"

Nikashuka shimoni mwenyewe, nikapapasa kuta kwa vidole. Udongo mwekundu, mgumu, mzima kutoka juu mpaka chini. Kaburi likifukuliwa, aliyefukua yupo, unamgombeza. Rundo lisilo na mtu utamgombeza nani? Wale wapagazi walishakufa wote na maneno yao.

Nilipotoka, shangazi alikuwa anaitazama nguzo. "Huu mshale ulipokuwa umesimama, ulielekea wapi?"

"Pwani, bibi," akasema mwenye koti.

"Ndiko alikokwenda." Akanigeukia, akasema, "Mama yangu alikaa mjane wa mtu aliye hai."

Nilidhani atalia. Akajifunga khanga kiunoni, akaanza kugeuza mawe moja moja.

"Unatafuta nini, shangazi?"

"Ya kaka zangu."

Wachimbaji wakainama kumsaidia, kwa woga tu. Mawe ya nyika ile ni mekundu, lakini figa likishaungua upande halitakati. La kwanza akalipata karibu na nguzo, la pili chini ya kifusi. Akayaweka pamoja na lake.

"Pakia."

"Shangazi, baba alilibeba hili kwa miguu, kwa heshima yote..."

"Baba yako alimletea mtu. Mtu hayupo. Unapakia, au nipakie mwenyewe?"

Nikapakia. Njiani alimwambia dereva aongeze mwendo, na yule bwana kwa mara ya kwanza akamwambia: mama, breki hakuna.

Jioni aliyapanga mafiga matatu jikoni kwake, yakakaa kama hayajawahi kutengana, akasonga ugali wa mtama. Tukaketi. Akakata tonge la kwanza, lile ambalo tangu nipate akili nilimwona akimwekea baba yake chini. Akalitazama. Akalichovya kwenye mlenda, akalila.

Langu lilinipoa mkononi.