Msimu Tuliomngoja Mbunifu Mpya

Sifa zote njema namrudishia Mola aliyetujaalia nguo za kutusitiri, akatufundisha kwamba kumcha Yeye ni sitara kubwa kuliko kitambaa chochote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ambaye hakuona haya kutia kiraka nguo yake kwa mkono wake mwenyewe.

Vijana wa msikitini kwetu Germantown wameniomba niandike jinsi kazi ya ushonaji ilivyokuwa zama zetu. Nitaandika niliyoyaona. Sehemu kubwa yake haifurahishi, na sitaipamba.

Siku yangu ya kwanza ya kazi katika nchi hii ya Marekani ilikuwa Arlington, kwa dobi mmoja aliyekuwa na chumba cha fundi nyuma ya mashine za kufulia. Wateja wake wengi walikuwa maafisa wa jeshi. Mimi nilikuwa nimejifunza sindano kwa mama yangu Mombasa, kwenye kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, nikadhani najua kushona. Dobi yule alinipa suruali ya afisa niikunje pindo. Nikaimaliza upesi ili nimfurahishe. Akaipindua ndani nje, akaitazama chini ya taa, akanirudishia na mkasi mdogo wa kufumulia juu yake. Nikafumua, nikaanza upya. Pale ndipo nilipojua kwamba afisa akisimama kwenye gwaride, mkubwa wake anaanza kumtazama pale suruali inapoangukia kiatu.

Nilikaa kwa dobi yule miaka mingi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliendesha teksi uwanja wa ndege wa Dulles, na abiria wake mmoja ndiye aliyemwambia kwamba jumba moja la mitindo Washington linatafuta mafundi wa kushona kwa mkono. Nikaenda nikiwa nimevaa baibui niliyoishona mwenyewe. Waliitazama mishono yake kabla ya kunitazama mimi, nikaajiriwa.

Jumba lile lilikuwa la zamani. Wake wa mabalozi na majaji walivishwa pale, kisha binti zao, kisha wajukuu zao. Chini kulikuwa na mazulia na vioo. Sisi tulikuwa ghorofa ya juu kabisa, kwenye karakana yenye madirisha makubwa, maana kitambaa cheusi hakishoneki vizuri bila mwanga wa jua. Mkuu wa Karakana alikuwa mama wa Kimarekani mwenye nywele nyeupe, aliyeingia Jumba akiwa msichana. Subana, kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole na sindano, haikumtoka hata akinywa chai.

"Nguo ikitoka hapa haijawa tayari," alituambia, "itarudi, na mwenyewe atakuwa ndani yake amekasirika."

Gauni halikukatwa moja kwa moja kwenye hariri. Mbunifu alichora. Mkuu wa Karakana aliugeuza mchoro kuwa vipande vya marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo pwani tunaijua tangu enzi za bibi zetu. Vipande hivyo tulivipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda inayofumuka ukivuta uzi mmoja, tukavivisha kiwiliwili cha kupimia. Mbunifu akapanda, akazunguka, akabana pini hapa, akatia chaki pale. Tukafumua, tukapiga bandi tena, mpaka siku mkasi ulipostahili kuigusa hariri. Na fundi aliyeshika gauni la mtu hakuliacha katikati kwenda kwenye jingine. Hiyo ilikuwa sheria.

Kulikuwa pia na desturi ambayo sikuiona kwingine. Mbunifu mpya akija, vazi lake la kwanza la marekani lilipita katika mikono yote ya karakana. Kila mmoja alishona sehemu yake, hata kama ni kipande kidogo cha kwapa, na Mbunifu mwenyewe aliketi nasi mezani akashona. Hivyo ndivyo tulivyojuana: nani anavuta uzi mno, nani ana mkono mwepesi wa kitambaa kilichokatwa mshazari, ambacho ukikishika vibaya kinanyooka na hakirudi.

Mbunifu Mkuu niliyemkuta alipofariki, Jumba lilikaa bila mbunifu. Tukawa tunarudia magauni yake ya zamani. Wateja wakazeeka, na binti zao wakawa wananunua nguo kwenye simu. Karakana ikawa inaishi kwa maharusi, mmoja leo na mwingine mwezi ujao.

Ndipo Mkurugenzi wa Jumba alipopanda ngazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisimama mlangoni, akatangaza kwamba amepatikana Mbunifu mpya, kijana mwenye jina kubwa kutoka ng'ambo, na kwamba onyesho lake la kwanza litafanyika majira ya machipuo. Hakuficha lingine: wenye hisa walikuwa wamechoka kuilisha karakana.

"Onyesho hili ndilo litakaloamua," alisema. "Baada yake ama mna kazi, ama sina la kuwatetea nalo."

Alipotoka, watu walikumbatiana. Mimi nilisema Alhamdulillahi kwa sauti. Karibu yangu alikaa Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, fundi wa lesi ambaye sijaona mfano wake, naye karakana aliiita atelye. Yeye hakukumbatia mtu. Aliuliza tu michoro inakuja lini, na hakuna aliyejua.

Kungoja kulianza hivyo. Magazeti yaliandika habari za Mbunifu kabla hajakanyaga mji. Wateja wa zamani walipiga simu kuulizia viti vya mbele. Hata binti yangu, ambaye kazi yangu haikuwahi kumshughulisha, alinionyesha picha yake kwenye simu, akaniuliza kwa Kiingereza kama kweli nitafanya kazi na mtu huyu. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba nitashona naye meza moja. Nilijivuna, Mungu anisamehe.

Tuliifua marekani ili isinywee baadaye, tukaipiga pasi, tukaikunja. Viwiliwili tukavijaza pamba upya. Mikasi ikapelekwa kunolewa. Mama Furaha alinitazama nikipanga pini kwa ukubwa wake, akatikisa kichwa.

"Bi Zuhura, hata bwana yangu sikumungoja namna hii."

"Bwana yako alijua njia ya kwenu," nikamwambia.

"Alijua sana. Na huyu je?"

Kisha Mkuu wa Karakana aliamua kwamba tusipokee maharusi msimu huo. Alitueleza sababu, nasi sote tuliielewa, maana ilitoka katika sheria yetu wenyewe. Bibi harusi akishaingia mezani haachwi mpaka avishwe, na gauni lake moja linaweza kushika mikono ya watu kadhaa kwa miezi. Michoro ingefika ingetukuta tumefungwa. Hakuna aliyepinga.

Simu nyingine nilizijibu mimi, kwa sababu watu wetu walikuwa wakinipigia mimi. Mama mmoja wa Kizanzibari anayeishi Sterling alitaka gauni la bintiye. Nikamwambia hatupokei.

"Yaani, bi mkubwa, nakuletea harusi ya mwanangu, we wanambia mwangoja mtu?"

Nikamweleza kuwa ni Mbunifu, na kwamba tumeambiwa uhai wa karakana uko kwake.

"Haya, mngojeni," akasema. "Akija mpeni salamu zetu, mwambieni na sisi tulikuwepo."

Michoro haikuja. Mkuu wa Karakana aliuliza ofisini chini, akajibiwa kuwa Mbunifu yuko kazini na tusiwe na wasiwasi. Mama Furaha akashauri tumwandikie wenyewe tumuulize anataka nini kwetu. Mkuu wa Karakana alikataa. Katika Jumba lile fundi hakumsemesha mbunifu kabla mbunifu hajamsemesha yeye, na sisi wengine tuliona amesema sawa. Ramadhani ikaingia tukiwa na meza tupu. Niliiombea karakana katika sijda za tarawehe kama mtu anavyomwombea mgonjwa.

Baada ya Idi, onyesho likiwa limekaribia, yakaja makatoni. Ndani mlikuwa na nguo zilizokwisha kushonwa, zimetiwa zipu, zimepigwa pasi, kila moja ndani ya nailoni yake. Zilikuwa zimeshonwa kiwandani ng'ambo. Kazi yetu, tulielezwa, ni kuzitoa, kuzinyoosha kwa mvuke na kutia lebo ya Jumba ndani ya shingo.

"Sasa sisi tumekuwa batu ya posta," akasema Mama Furaha, "kufungua makartoni."

Mkuu wa Karakana alichukua kisu akafungua la kwanza mwenyewe.

Siku mbili tatu baadaye Mbunifu alipanda. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Akaona marekani iliyokunjwa na viwiliwili vimepangwa dirishani, akauliza ni vya nini. Mkuu wa Karakana akamweleza ile desturi ya vazi la kwanza, polepole, kama mtu anayeeleza habari za marehemu.

Kijana yule aliitazama mikasi iliyonolewa.

"Mnakata hapa?" akauliza. "Niliambiwa huku juu mnafanya marekebisho tu. Kupunguza, kurefusha."

"Nani aliyekwambia?"

"Kila mtu."

Aliishika ile marekani, akaipitisha kati ya vidole, nikaona kwamba anajua kitambaa. Akasema angependa, msimu ujao. Tulishikilia neno hilo wiki nzima.

Usiku wa onyesho tulisimama nyuma ya pazia kuwavisha wanamitindo. Vijana wangu, nitasema kweli: nguo zilikuwa nzuri. Koti moja la kijivu lilianguka begani kwa namna ambayo Mbunifu Mkuu wa zamani angelivulia kofia. Ingelikuwa rahisi kwangu kama zingekuwa mbaya. Watu walisimama wakapiga makofi, nami nikawa nimeshika hanga tupu la kutundikia nguo nikijua kuwa onyesho tuliloliombea limefaulu, na halikutuhitaji.

Maagizo yakamiminika, yakapelekwa kiwanda kilekile. Mkurugenzi alipotuita, alisema karakana haikupokea kazi hata moja tangu baridi ilipoanza, na hana la kuwaambia wenye hisa; karakana itafungwa.

"Tulikataa kazi kwa ajili ya onyesho lako," Mkuu wa Karakana akamwambia.

"Hakuna aliyewaomba mkatae."

Nalo lilikuwa kweli. Ndilo lililomvunja. Tulipokuwa tukishuka ngazi alishika mkono wangu, akaniuliza kama ni yeye aliyeifunga karakana. Nilimwambia kuwa sote tulikubali. Akasema hilo si jibu. Yule kijana tulisikia ameondoka Jumba kabla msimu ule mwingine haujafika. Alikwenda na ahadi yake, na sidhani kama aliivunja kwa kupenda.

Sasa nimestaafu. Mama Furaha anahudumia wazee katika nyumba ya wagonjwa, anawaogesha na kuwalisha, na lesi haigusi tena. Mkuu wa Karakana alifariki mwaka jana. Nilikwenda maziko yake, nikawa natazama mishono ya koti alilovishwa. Lilikuwa la dukani.

Watu huniambia kwamba kila jambo lina heri yake. Naamini heri hiyo ipo kwa Mola, lakini mimi bado sijaiona, na sitawadanganya kwamba nimeiona. Nashukuru kwa macho niliyobakiwa nayo, kwa chakula, kwa mchana wa utulivu. Lakini ujuzi ule wa meza nzima, wa mikono mingi inayojuana katika vazi moja, umekwisha na sisi, na hakuna aliyekuja kuutaka. Mkiambiwa kwamba anakuja mtu wa kuiokoa kazi yenu, msikae mkipiga pasi vitambaa. Mwendeeni, mumuulize kama anajua mpo. Sisi tuliona kuuliza ni utovu wa adabu, tukabaki na adabu yetu.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe riziki ya halali na macho ya kuifanyia kazi. Akuweke na watu wanaoijua mikono yako. Na akikujaalia kungoja, asikuache ungoje peke yako. Amin.