Mstari Nilioongeza Katika Barua ya Adhana

Kuna asubuhi moja ya msimu wa baridi ambayo hadi leo sijaisahau, mwanangu, ingawa nywele zangu zote zimekwisha kuwa nyeupe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, hapa hapa Likasi, mji wa migodi wa Katanga, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na majuma matatu. Alikuwa amelia sana, ndiyo kwanza amelala. Alfajiri, kabla giza halijatoka, kipaza sauti cha msikiti kikalia kana kwamba kimewekwa chini ya kitanda chetu. Mtoto akashtuka. Mke wangu Ngalula akaanza kulia pamoja naye. Mimi nikakaa kitandani, nikasema: leo nitaandika.

Msikiti wenyewe tuliukuta pale tulipohamia. Miaka yote adhana ilikuwa ikiitwa kwa mdomo mtupu na hakuna aliyelalamika. Kilichokuwa kipya ni kile kipaza sauti. Walikifunga juu ya nguzo ya chuma, mdomo wake ukaelekea avenyu yetu, yaani barabara ya mtaa wetu, ambako wengi tulikuwa Wakristo wa asili ya Kasai, watoto wa watu walioletwa kutoka jimbo hilo kufanya kazi ya migodi. Aliyeadhini alikuwa Papa Saidi, mwenye duka la unga lililotazamana na nyumba yangu. Baba yake alikuja kutoka Kasongo, mbali kaskazini, akiendesha lori, lakini Saidi mwenyewe alizaliwa Likasi, kama mimi. Mke wake, Mama Zaina, ndiye aliyemwogesha mtoto wetu juma la kwanza, maana mama mkwe wangu alikuwa mbali.

Kutoka mlangoni kwangu hadi dukani kwao hazikuzidi hatua thelathini. Sikuzitembea. Wazee walisema jirani wa karibu ni heri kuliko ndugu wa mbali, lakini nilikuwa na hasira, na hasira ni hasara.

Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilifanya ukarani, kwa hiyo mtu wa avenyu yetu akitaka barua ya ofisini alikuja kwangu. Desturi ilikuwa hivi: karatasi ya majina ndiyo inayotangulia, inapita nyumba kwa nyumba, watu wanatia sahihi, barua yenyewe mwandishi anaimalizia kwake, kwa Kifaransa kizuri, kisha anaziunganisha kwa pini. Watu walitia sahihi kwa sababu waliniamini. Hata Papa Kalonji, seremala mzee aliyeongoza jumuiya yetu ya kanisani, alitia yake. Aliniambia tu, "Bapunguze sauti, mutoto. Usibatukane."

Niliandika kwamba tunaomba sauti ipunguzwe. Nikaisoma tena, nikaiona nyepesi. Niliogopa ofisini wataicheka na kuitupa. Ndipo nikaongeza mstari mmoja: kwamba watu hawa si wenyeji wa hapa, na ingefaa serikali ichunguze walikotoka na wanakaa kwa ruhusa gani.

Mwanangu, mstari ule niliujua tangu utoto. Baba yangu alinisimulia jinsi alivyoambiwa yeye ujanani mwake arudi kwao Kasai, akalala stesheni juu ya godoro lake akingoja treni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi niliuchomoa kwenye mwili wa baba yangu nikamrushia jirani, tena nikaona nimeandika vizuri.

Majuma mawili hayakuisha. Wakaja wanaume wawili na mkoba, wakaingia dukani kwa Saidi. Niliwatazama kwa upenyo wa pazia. Walikaa muda mrefu. Walipoondoka, Saidi alivuka barabara, akazitembea zile hatua nilizoshindwa mimi, akagonga mlango wangu akiwa na karatasi mkononi.

"Ndugu, weye unajua Kifaransa ya bakubwa," akasema. "Unisomee hii, kisha uniandikie jibu."

Nikaisoma. Alipewa siku tatu aonyeshe hati zake zote, ama sivyo duka lingefungwa na yeye na jamaa yake waondoke kwenye kiwanja.

"Banasema kuko barua ya bantu ba avenyu," akaendelea. "Banani, minye sijue. Bibi yangu iko nafunga mizigo tangu bale bantu baliingia. Batoto banauliza tunaenda wapi. Sasa minye nibajibu nini? Minye nilizaliwa hapa, kule kwa baba yangu nilifikaka mara moja tu."

Nilimwambia nitaandika. Yeye alishukuru, mwanangu, alinishukuru mara mbili. Nami nilikuwa nikiwaza kitu kimoja tu: ofisini watauona mwandiko, watajua mkono ni ule ule.

Nilikimbilia kwa Papa Kalonji. Alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Nilimweleza yote, naye hakusimama hadi alipofika mwisho wa ubao.

"Jina yangu iko chini ya ile maneno?" akauliza.

"Iko, Papa."

"Kwaya yetu bakipiga ngoma kila Jumamosi, Saidi aliandikaka barua?"

"Hapana, Papa."

"Aliuzishaka tu bunga yake." Akapuliza vumbi la mbao. "Mutoto, ulichukua mukono yangu ukapiga nayo muntu mwenye sikumuchukia. Sasa uende. Uanze kwake, kisha ofisini. Usikimbilie ofisini ili umufiche."

Nasaha hiyo ilikuwa wazi kama mchana, nami niliigeuza. Nilianza ofisini. Nilijidanganya kwamba nikiirudisha barua kimya kimya, Saidi hatahitaji kujua, na moyo wake hautaumia. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Karani wa pale alinisikiliza akinoa penseli. "Barua ikishapigwa muhuri hairudi, bwana. Ilishapanda juu. Rudi kesho." Nikarudi kesho, nikangoja kwenye benchi hadi alasiri. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwishowe waliniruhusu kitu kimoja: niandike kwa mkono wangu kwamba mstari ule ulikuwa wangu peke yangu, kwamba wenye sahihi hawakuuona, na kwamba sikuwa na ushahidi wowote. Niliandika, nikatia sahihi.

Lakini siku mbili zilikuwa zimekwenda. Nilipofika avenyu yetu nilikuta mlango wa nyuma wa Saidi wazi na uwanja umefagiliwa. Mama Zaina alikuwa ameondoka mchana ule na watoto, juu ya lori la mjomba wao, kwenda Kasongo. Kama ningeanza pale nilipoambiwa nianze, angenisikia kabla hajapanda.

Saidi alikuwa akimpimia unga mteja. Nilingoja mteja atoke, nikasema. Sikupamba.

Alikirudisha kibaba ndani ya gunia. "Kumbe njo weye," akasema. "Juu ya kelele?"

"Juu ya kelele. Mutoto hakuwa analala."

"Ungenigongea tu mulango. Ningeigeuza. Iko na bulo mbili tu."

Hakunitukana. Alichukua spana, akaenda msikitini, akapanda nguzo, akalegeza zile boliti mbili, akakigeuza kipaza sauti kielekee kilimani. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Alfajiri iliyofuata mtoto wangu alilala hadi jua likatoka. Mimi sikulala.

Kwa yale niliyoyaandika, ofisi ilimwacha na duka lake. Ila Mama Zaina hakurudi. Alituma neno kwamba ameambiwa majina yote ya avenyu yalikuwa kwenye ile karatasi. Sasa akirudi amsalimu nani? Na hakukosea, kwa sababu mstari wangu ulikuwa umeingia chini ya kila jina, la mzee Kalonji na la wanawake aliokuwa akichota nao maji. Saidi alibaki peke yake miezi michache, akiadhini kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Alfajiri moja adhana ilitoka kwa sauti nyingine, changa, nzuri. Ndivyo nilivyojua kwamba Saidi amekwenda kuwafuata.

Miaka ilipita, na maneno ya "rudi kwenu" yakatufikia sisi pia, mimi na Ngalula na watoto. Sitayasimulia leo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nimeandika haya kwa sababu juzi mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Humo ninyi vijana wa mtaa mnabishana kuhusu vipaza sauti vipya vya msikiti ulio karibu na soko, na nimeona mmoja wenu ameandika, "Basirudi kwabo sasa?" na wengine wakaweka alama za kucheka. Tangu hapo nasikiliza kila pikipiki inayosimama barabarani, nikidhani ni wanaume wawili wenye mkoba. Najua mambo haya huanza hivi, kwa mzaha na mstari mmoja.

Basi nisikilize, mwanangu. Si dhambi kutaka usingizi. Sauti ikizidi, sema imezidi, na useme hivyo hivyo kwa makanisa yetu yanayokesha na ngoma, vinginevyo nyani haoni kundule. Lakini nenda kwanza mlangoni kwa mwenye sauti, na miguu yako, mchana, umwambie kinachokusumbua. Lalamikia kelele, usilalamikie alikozaliwa baba yake. Usitie jina lako chini ya maneno ambayo hujayasoma, na ukipewa majina ya watu uyachunge kama mtoto wa kuazima. Na ukikosa, maana utakosa, anza na uliyemkosea kabla hujaenda kutafuta pa kujificha. Mimi nilichelewa siku mbili tu.

Mungu akupe miguu myepesi ya kufika kwa jirani na mkono mzito wa kushika kalamu. Nyumba yako isikose usingizi, wala isiwe sababu ya mwingine kufunga mizigo. Wanaoitwa kwa adhana na wanaoitwa kwa kengele, wote wakutaje kwa wema. Amina.