Pakiti ya Mguu wa Kushoto

Sukari na sabuni zilipoadimika Kampala, baba alinunua chochote kilichovuka mpaka wa Kenya kwa magendo. Alikiweka rafuni kwanza, maswali baadaye. Ndivyo katoni ya sodo ilivyofika dukani kwetu Kyebando: pakiti zisizo na maandishi, ndani yake vipande vinene vya pamba, kila kimoja kikiwa na mkia wa kitambaa huku na huku. Baba alikiminya kimoja, akakinusa, akatangaza kwamba ni cha kutandika ndani ya kiatu. Mikia ni ya kufungia kifundoni.

Wanajeshi wakazipenda. Buti zao zilikuwa ngumu, na habari ilienea kambini upesi kuliko amri.

Mimi nilikuwa nimevunja ungo mwezi uliotangulia. Kitambaa nilichofundishwa kukunja kilikuwa kimeniponyoka shuleni, mbele ya darasa zima, na sasa siku zangu zilikuwa zimerudi na kesho yake ni Jumatatu. Nilijua zile pakiti ni za nini. Rafiki yangu, binti wa polisi, alikuwa amenionyesha yake. Lakini binti hamwambii baba yake mambo hayo. Nilimwambia shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiishi nasi. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja, shangazi. Na kuna askari dukani."

Tulipochungulia kupitia pazia la mlango wa duka, askari alikwisha kuishika. Shangazi akatoka.

"Afande, pole. Hiyo ni ya mguu wa kushoto tupu."

"Kushoto namna gani, mama?"

"Ifungue uone."

Akaifungua, akapanga vipande juu ya meza ya duka, akavigeuza kimoja kimoja. Vyote sawasawa.

"Kweli," alisema. "Hakuna cha kulia hata kimoja."

"Umeona? Utatembea umeinama upande."

Aliondoka akimshukuru. Baba, aliyekuwa nyuma ya meza, akamgeukia shangazi.

"Dada, na zile nilizouza wiki nzima?"

"Wewe kaa kimya, kaka. Uza chumvi."

Chumbani shangazi alinisimamisha wima, akafunga mkia mmoja mbele na mwingine nyuma kwenye uzi wa shanga nilizovaa kiunoni tangu utotoni.

"Chuchumaa. Inuka. Ruka. Sasa tembea kama mtu, si kama bata."

Nikatembea kama bata. Akakaza fundo, nikarudia. Safari ya tatu nilifika mlangoni na kurudi, hakuna kilichosogea.

"Shangazi, wewe ulijifunzia wapi?"

"Mimi? Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuziona. Kesho ukitoka shuleni, uje uniambie kama nimepatia."

Nilipatwa na kicheko cha hofu. Jumatatu nilicheza rede, nikiruka na kukwepa mpira mapumziko yote mawili, makusudi, mbele ya darasa lile lile.