Gunia, Miguu ya Nani?

Mama alinipiga kofi mara moja tu maishani, kwa sababu ya mchezo. Nilikuwa na miaka saba. Mmoja wetu alivaa gunia hadi magotini, wengine tukaimba: "Gunia, gunia, miguu ya nani?" Ukinyooshewa kidole, sharti umtaje mwenye miguu. Kosa langu sikuambiwa. Kwetu mambo yalikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na hasira ile niliiweka.

Nadhani ndiyo iliyonifanya nimfundishe binti yangu wimbo huo, hapa Kitengela, ingawa mama sasa anaishi nasi. Ndiyo, kusudi.

Jumamosi moja nilimwaga maharagwe ya Loitokitok, binti akachukua gunia lililobaki tupu. Akalitoboa matundu mawili ya macho. Hilo sikumfundisha. Watoto wa jirani wakaimba, naye, miguu mitupu, akaja polepole hadi mlangoni, mama alipokuwa akichambua maharagwe. Akamnyooshea bibi yake kidole.

"Shosho, miguu ya nani?"

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Nilingoja kofi, na niliogopa. Aliitazama ile miguu muda mrefu.

"Ya baba yangu," akasema.

"Shosho ameshindwa!" Wakacheka, wakakimbilia nyuma ya nyumba.

Alinisimulia bila kuinua macho. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka wapigania uhuru, kijiji chao kilipangwa mstari uwanjani. Mtu aliyefunikwa gunia, matundu mawili ya macho, alipita na askari. Aliyenyooshewa kidole alichukuliwa. Hakuna aliyejua ni nani mle ndani. Lakini mama, mtoto wa miaka sita, alitazama chini, akaona kidole cha mwisho cha mguu kimempanda mwenzake. Akaita, "Baba!"

"Nilifurahi tu kumwona," akaniambia. "Alikuwa amepotea siku nyingi."

Wiki hiyo hiyo babu aliokotwa mtoni, amekufa. Watoto wa kijiji wakatunga ule wimbo wa gunia, wakawa wanamwimbia mama kila akipita.

Niliona aibu hadi nikashindwa kuomba msamaha. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamvua binti yangu gunia. Aliuliza amekosa nini. Nilikuwa nikitazama kidole chake cha mwisho cha mguu, kilichompanda mwenzake, ambacho nimekiosha miaka tisa bila kuuliza kimetoka kwa nani.