Freni Kubwa Ndani ya Janti Ndogo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mama watoto akisoma hapa anisamehe. Ni asubuhi ile niliyosimamisha pikapu yangu ghafla sokoni Goma, watu wakapiga kelele, nami nikashuka nikizungusha ufunguo kidoleni kama waziri.

Lakini kwanza ujue ni nani anayesema nawe. Mimi sikumaliza shule ya msingi. Niliingia Goma kutoka upande wa Butembo na viatu vya plastiki, na mfukoni ufunguo mmoja wa kufungulia nati, wa namba kumi na tatu. Leo nina garage tatu, na wahandisi wenye diploma ukutani wananiletea magari yao, wanasimama pembeni mikono nyuma kama watoto wanaongoja chanjo. Sijisifu bure. Anayejisifu bure ni yule asiye na kitu cha kuonyesha. Mimi ninacho, njoo utazame.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na ile pikapu ilinizidi umri. Niliitumia kubebea maharage na ndizi kutoka Kiwanja kuja Goma. Janti zake, yaani rimu za magurudumu, zilikuwa zile zile za kuzaliwa nazo, na nilizipenda. Kila Jumamosi nilizipaka rangi nyeusi. Ugonjwa wake ulikuwa breki, au freni kama tunavyosema sisi. Ikiwa na mzigo, ukitaka kusimama sokoni ulianza kukanyaga ukiwa bado kanisani.

Miaka ile vita ilikuwa inakuja na kurudi kama mgeni asiyejua kuaga. Wakimbizi walipita, wengine waliacha magari yao palepale mafuta yalipoishia. Kati ya magari hayo niliona jeep moja nzito, injini imeshaondoka, lakini freni zake za mbele nzima kabisa. Disiki pana kama kifuniko cha sufuria ya harusi! Nilizinunua, nikalala chini ya pikapu siku tatu. Nilitoa kila kitu cha mbele, kuanzia kitovu ambamo boliti za gurudumu zimekaa, nikafunga vya jeep.

Nilipotaka kurudisha gurudumu, likakataa. Kile chuma kinachobana disiki kilikuwa kikubwa mno, kinagusana na janti kwa ndani. Mutu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikata rondeli nene za chuma, nikazitia kati ya kitovu na janti ili gurudumu lisogee nje. Likazunguka bila kugusa. Ila sasa boliti zilikuwa fupi: nati ilikamata nyuzi tatu tu za boliti. Nilihesabu, mwanangu, sikufichi. Nilihesabu tatu, nikafuta mikono, nikaenda sokoni kuonyesha watu.

Hapo ndipo aliponikuta Muzee Kambale. Yeye alikuwa fundi mkongwe, aliyeendesha malori ya kushuka Kabasha, ule mteremko wa kwetu ambao hata shetani anaushuka akishikilia ukuta. Alizunguka gari polepole.

"Deo, iyi freni umetoa wapi?"

"Kwa jeep, Muzee. Si umeona vile imesimama?"

"Nimeona. Na janti?"

"Janti ni zake mwenyewe."

Akachuchumaa, akapitisha kidole nyuma ya gurudumu, akaigusa ile rondeli. "Nati inakamata nyuzi ngapi?"

"Zinatosha."

"Sijakuuliza kama zinatosha. Hesabu unajua, hata kama shule ilikushinda."

Watu wakacheka. Maneno hayo yaliniunguza, nami nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie: "Muzee, wakati wenu freni ilikuwa kusali!"

"Ni kweli," akasema. "Lakini tulikuwa tunasali nati ikiwa imefika mwisho."

Wakacheka zaidi, safari hii hata wauza nyanya. Yeye hakucheka. Akanisogelea, akasema chini chini: "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Freni inashika gurudumu, lakini mupira ndio unashika barabara, na mipira yako iko na upara kunishinda mimi. Toa iyi kitu. Kuja kwangu, nitakuonyesha namna ya kutia nguvu freni zako mwenyewe."

Nilipanda gari nikaondoka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi niliona guu langu ni la chuma. Freni za zamani, pamoja na vitovu na nati zake, zilikuwa ndani ya gunia nyuma ya kiti. Nilikuwa nazitafutia mnunuzi kule Kiwanja, na hakuna aliyezitaka.

Juma halijaisha, vita ikaukaribia mji wa Kiwanja. Nilikuwa huko kupakia maharage. Dada yangu mkubwa, Yaya Masika, alikuwa ameolewa huko. Mume wake alikuwa Beni kwa biashara, naye Yaya yuko na mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka. Nilimwaga maharage chini, nikampandisha kabini. Nyuma wakapanda majirani, kina mama saba, muzee mmoja na mbuzi wake, magodoro juu. Nilifurahi, nakuambia kweli. Nilijiona Nuhu.

"Gari iko muzima, Deo?" Masika aliuliza akijifunga kitenge vizuri.

"Yaya, iko na freni ya jeep!"

Tulipita Kalengera, barabara imejaa watu wanaotembea na masufuria kichwani. Tulipanda mpaka Kibumba bila shida. Kupanda hakuna gari linalohitaji freni. Lakini apandaye ngazi hushuka. Tulipoanza kuteremka kuelekea Kanyaruchinya, Masika alishika dashibodi, akafumba macho. Uchungu ulikuwa umeanza. Nikakanyaga mafuta. Na hapo mbele, kati ya msafara wa watu, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, yenye mzigo wa magunia, ikayumba, mwenyewe akashindwa kuigeuza, ikalala katikati ya barabara.

Nilikanyaga freni kwa mguu wote. Ilishika, loo, ilishika kama mamba. Nikasikia ka, ka, ka, halafu nikaona gurudumu linatupita upande wa kushoto, linaruka kwa furaha. Ukiona gurudumu linakupita njiani, mwanangu, usiulize ni la nani. Pua ya gari ikaanguka, disiki ikachimba barabara, tukaburuzika mpaka tukasimama hatua mbili kutoka kwa yule mwenye chukudu. Kijana wa watu alikuwa ameshafunika kichwa kwa mikono.

Kisha mutu mmoja katika msafara akapaza sauti: "Papa, mupira yako imekutangulia Goma!"

Hakufa mutu. Mama mmoja alipasuka kipaji cha uso, mbuzi akakimbilia kwenye mawe. Lakini kiti cha Masika kilikuwa kimelowa, na nyuma yetu mizinga ilikuwa ikilia. Akasema: "Deo, sitaki kuzalia juu ya haya mawe."

Basi ndipo nilipolivuta lile gunia nyuma ya kiti. Krik ya kuinulia gari ilikuwa imevunjika. Wale watu niliokaribia kuwagonga ndio walionisaidia. Kumi na watano hivi, na yule wa chukudu akiwa wa kwanza, waliweka mizigo yao chini, wakaiinua pikapu kwa mikono, "moja, mbili, haya!", wakapanga mawe ya volkano chini yake. Nilitoa freni za jeep pande zote mbili, pamoja na rondeli zangu, nikarudisha vya zamani. Gurudumu, ambalo vijana walilikimbilia na kulirudisha, likaingia mahali pake kama mutoto mgongoni kwa mama. Nati zikafika mwisho.

Ikabaki kutoa hewa katika bomba za freni. Kazi hiyo inataka mutu wa kukanyaga pedali, na kina mama wengine waliiogopa. Masika akajivuta mpaka upande wa dereva.

"Kanyaga, Yaya! Shikilia! Achia!"

"Wewe unaniambia kanyaga, mutoto naye ananiambia sukuma! Nisikilize nani?"

Hata wenye mizigo walicheka. Niliendesha mpaka Goma kwa gia ya pili, na tulifika hospitalini jua likiwa bado juu. Mutoto, mwanaume, alizaliwa kabla sijanawa mafuta mikononi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana bado sijalitaja.

Watu waliuliza gurudumu lilitokaje. Nikasema ni shimo la barabara. Shimo lile nililichimba mimi mwenyewe kwa mdomo. Kwa siku tatu nilikuwa shujaa. Kina mama walinisimulia mtaa mzima: Deo amefungua gari barabarani kama mutu anayemenya ndizi, Deo ametuokoa. Masika akatuma ujumbe kwamba mutoto atabatizwa kwa jina langu, Deogratias. Nilivimba, shati likanibana.

Nikaenda kwa Muzee Kambale, nikitaka na yeye anisifu. Sifa sikupata. Alitandika gunia chini, tukaanza kazi. Alinionyesha namna ya kutia nguvu freni za gari la zamani bila kubadilisha janti zake: disiki za kipimo kile kile lakini mpya na nyoofu, pedi nzuri zinazovumilia moto, bomba mpya za mpira, mafuta mapya ya freni, za nyuma zikazwe zifanye kazi yao, na mipira yenye meno. Halafu mzigo upunguzwe. Nakuambia, pikapu ile ilisimama vizuri kuliko ile siku ya sokoni, na haikunirusha kichwa.

Tukiwa tunakaza nati ya mwisho, akaniuliza: "Masika alipopanda, ulimuambia habari ya nyuzi tatu?"

"Hapana."

"Alikuuliza?"

Nikakaza tena nati iliyokuwa imeshakazwa. Masika aliniuliza, nami nilimjibu kwa jina la jeep.

"Kukosea kufunga, kila fundi anakosea," Muzee akasema. "Mimi niliangusha lori zima Kabasha. Lakini yule mama alikuwa na miguu yake. Ungemuambia, angechagua mwenyewe kupanda ao kutembea. Ulimunyang'anya uchaguzi wake, halafu unakula sifa yake."

Nilienda kwa Masika siku ile ile. Nilisimama mlangoni, yeye ananyonyesha, nikamweleza yote: rondeli, nyuzi tatu, shimo ambalo halikuwepo. Nikamwambia asimpe mutoto jina langu.

Hakupiga kelele. Alimgeuza mutoto ziwa la pili. Kisha akasema, "Jina atalichukua. Lakini siku atakapokuwa na akili, ni wewe utamuambia alilipataje. Si mimi."

Mutoto alipofika miaka kumi nilimwambia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufunga injini. Leo ni mwanaume mwenye lori lake, anakwenda Butembo na kurudi, na kila akimpakia mutu namsikia anasema kwanza: papa, gia ya tatu inaruka, mipira ya nyuma imechoka, kama unapanda, panda. Watu wanapanda tu, tena wanamgombea. Mimi namtazama na kifua changu kinajaa, maana jina langu linasafiri katika barabara ile likiwa safi.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Penda nguvu, tafuta nguvu, mimi siye wa kukukataza. Nisingetaka nguvu ningekuwa bado na ufunguo wangu mmoja. Lakini nguvu unayoiongeza ipime na gurudumu ulilo nalo, kama ni gari, kama ni biashara, kama ni nyumba unayoianza. Kitu kikikataa kuingia, usikitafutie rondeli. Na ukijua mahali kazi yako ilipo dhaifu, mwambie anayepanda kabla hajaweka mguu. Akishuka, atakuwa amekuheshimu. Akipanda, atakuwa amekuamini kwa macho wazi, na hiyo ndiyo sifa pekee isiyovimbisha shati.

Mungu akupe mikono ya kazi na mdomo usioogopa. Akupe mizigo mizuri ya kubeba na watu wazuri wa kubeba. Miteremko sikuombei ikuepuke, maana nchi yetu ni ya milima. Nakuombea uishuke yote, na kila unapotaka kusimama, usimame.