Mama kapepeta mkate wa dukani

Leo mama kapepeta mkate. Ndiyo, kwa ungo.

Amefunga choo wiki nzima. Nesi kasema ale mkate wa ngano isiyokobolewa, nikaununua hapa Palma, Msumbiji, kwenye lile duka jipya la wageni wa mradi wa gesi.

Narudi kutoka kuteka maji, namkuta uani. Kaufikicha mkate wote, anapepeta. Kuku wanagombania pumba na mbegu.

"Mwanangu, wamekuuzia mkate mchafu. Umejaa pumba."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hizo pumba ndizo zinazolainisha choo. Dawa yako umewapa kuku."

Yeye hakucheka.

"Nilipokuwa nakula mtama wa shambani kwangu, nilifunga choo lini?"

Shamba lake sasa liko ndani ya uzio wa gesi.

Akaukung'uta ungo polepole. "Nimeona pumba, mkono ukaenda wenyewe. Tangu tuhamishwe, ungo huu haujapepeta kitu."

Chai ameinywa kavu.

Jamani, nani bado ana mtama wa kutwanga? Hata kibaba kimoja.

Mama anataka kupepeta.