Kazi ya Baridi

Mama mkwe wangu alipanda miti ya plamu nyuma ya nyumba akiwa bado bibi harusi. Nilipoolewa hapa, juu kidogo ya Lushoto, nilikabidhiwa miti hiyo pamoja na jiko na mwanawe. Kati ya vitu hivyo vyote, miti ndiyo iliyokuwa haina usumbufu. Kipupwe kikifika, baridi iliyapukutisha majani yote, miti ikabaki mifupa mitupu, nasi tukaiacha hivyo hivyo. Kabla ya vuli ikavaa maua meupe, nyuki wakaja. Krismasi ikikaribia tulikuwa tunateremsha matenga hadi Soni, kwa akina mama wanaopanga plamu kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, kando ya barabara. Hakuna aliyeifanyia miti ile kazi yoyote zaidi ya kupogoa.

Na baridi yenyewe ilikuwa baridi kweli. Mafuta ya nazi yaliganda chupani mpaka mchana, na tulilala na sweta na soksi. Neti hatukuwa nazo. Mbu walikuwa wa watu wa Mombo, kule chini kwenye joto. Ukisikia mtu ana malaria unamuuliza alikwenda kumsalimia nani huko. Sasa neti ninayo na mbu ninao. Sijui walipanda na basi gani.

Siku mambo yalipobadilika sikuiona. Kwanza miti ilichelewa kupukutika, baadaye ikaacha kabisa. Majani yalizeekea mtini, yakabaki pale yana rangi ya kutu, na katikati yake likachomoza ua moja hapa, jingine mwezi mwingine upande ule, kila tawi na kalenda yake. Nyuki walikuja wakati hakuna maua, na maua yakafunguka nyuki wameshaondoka. Jirani yetu akapanda parachichi mahali ambapo zamani zilidumaa, zikakubali. Mume wangu akaanza kusimama nyuma ya nyumba jioni, mikono kiunoni, akiitazama miti ya mama yake kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa.

Hakuwa na ubaya. Alisema tukate, tupande parachichi kama wenzetu. Mama yake, ambaye wakati huo macho yalikuwa yameshaanza kumwacha, usiku ule hakula. Mimi ndiye niliyeomba msimu mmoja wa mwisho. Mume wangu akakubali: miti ikizaa itabaki, isipozaa atachukua shoka.

Bwana shamba alikuwa ametueleza kwenye mkutano wa kijiji kwamba mti wa plamu lazima ulale, na baridi ndiyo inayoulaza. Usipopata baridi ya kutosha, hata kuamka hauamki vizuri. Akasema kwingine watu huinyima miti maji na kuitoa majani kwa mikono, ili idhani kipupwe kimekuja na kupita. Alilisema haraka haraka, kama mtu anayetaja dawa ambayo anajua haipo dukani.

Basi nikafanya. Ni jani moja moja, kwa sababu ukivuta kwa pupa unang'oa na jicho la ua. Shamba letu ni mteremko, kwa hiyo mguu mmoja wa ngazi niliuwekea jiwe, na kila nikihama nilihama na jiwe langu. Shingo ilikakamaa, vidole vikawa vyeusi. Mama mkwe alikaa chini kwenye kigoda. Hakuniona vizuri, lakini alisikia majani yakianguka karibu naye, na aliniuliza kila mara nimefika mti gani, na kama sijaruka yale ya kileleni, maana baridi haikuwa inaruka ya kileleni. Nilimwambia baridi haikuwa na magoti. Alicheka mpaka akakohoa.

Maua yakatoka. Si kama ya zamani, lakini yalitoka pamoja, na asubuhi ile mume wangu alizunguka miti yote na kikombe chake cha chai, akarudi ndani. Nilifurahi kama mtoto. Kilichobaki kilikuwa nyuki, na nyuki hawakuja. Msitu ulio juu yetu ulikuwa umechanua mapema mwaka ule, wakawa wameshakula na kwenda zao. Nilipoufungua mzinga wetu nilikuta sisimizi na buibui.

Nikachukua unyoya wa jogoo, nikaufunga kwenye kijiti, nikapanda tena ngazi. Gusa ua hili, gusa na lile. Jirani wa parachichi alipita njiani, akasimama, akaniuliza kwa heshima zote asali nitaanza kurina lini. Siku nyingine ningemjibu, kwa kuwa tumezoea kutaniana. Siku ile nilitamani kumrushia ngazi.

Hapo ndipo nilipochoka, na sizungumzii mgongo. Nilikuwa nafanya kazi ya baridi, nimeongezewa na ya nyuki, na bado mahindi yangu yananingoja, na ng'ombe, na maji ya kuchota. Kazi hizo zilikuwa zikifanyika miaka yote ile bila mimi, wala sikuwahi kuziona kuwa ni kazi.

Plamu zilishika. Nilizihesabu moyoni kila nikipita kwenda zizini, ndogo na kijani, nikaanza kujisemea kwamba tumeshinda. Kisha mchana mmoja ikanyesha mvua ya mawe. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikiiangalia inavyopiga, sina la kufanya, kwa maana hiyo haina unyoya wake. Zilizosalimika ziliiva, na nilipozipasua nikakuta funza. Nzi wa matunda nao wamepanda mlima, kama mbu. Nilipasua beseni zima nikitafuta nzima, na iliyokuwa nzuri kuliko zote nikampelekea mama mkwe barazani.

Aliishika, akainusa, akala polepole. Kokwa akalizungusha mdomoni. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na sote wawili tulijua kwamba neno la mama ndilo litakaloamua.

"Mti huu haukulala," akasema.

Nikamwambia ulilala, mama, nilitoa majani yote, hata ya kileleni.

"Uliufumba macho tu." Akatema kokwa kiganjani. "Na wewe hukulala, mwanangu. Kila alfajiri nasikia unavyoiburuta ile ngazi. Mwache mume wako akate."

Nilitaka kukasirika. Nilitaka kumwambia kwamba niliyafanya yote kwa ajili yake na miti yake. Badala yake nilisikia nafuu, nafuu ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na nafuu hiyo iliniuma. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikaosha beseni.

Mume wangu alikata masika ya mwaka jana yalipokwisha. Yeye akifanya kazi hupiga mluzi, lakini siku zile hakupiga. Miche ya parachichi iko pale sasa, inanifika gotini, ina afya nzuri, wala siichukii. Ngazi tumempa jirani. Kuni za plamu tulizipanga ukutani zikauke.

Kipupwe cha mwaka huu kilipofika, au tuseme miezi yake ilipofika, mama mkwe aliomba tuwashe zile kuni. Zilipowaka, moshi wake ulinukia plamu. Yeye akasogeza kigoda, akanyoosha mikono yake motoni kama zamani, akaniambia nisogee. Mume wangu akavuta gunia, akakaa upande wa pili. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi. Hapakuwa na baridi ya kuotea moto, lakini tuliota.